Bi Kodo Anatazama Mlango

3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Na Baba umpe shikamoo yake ukiwa umekaa naye, usimrushie ukiwa unatoka mbio kama kawaida yako. Wifi mwambie foronya alizonishonea zimefika salama, ila ile yenye maua nimeifungia sandukuni kwa sababu mwenzangu wa chumba ameanza kuitolea macho.

Mimi sijambo. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu, basi jibu ni lile lile la Mama: kwenye simu kila mtu ni mzima. Alituapisha tuandikiane, na tangu tulipomzika mwaka juzi sijathubutu kuvunja agizo hilo. Naona kama atanisikia.

Sasa habari yenyewe. Nimepewa kusimamia vifaa vya filamu nzima. Sisemi kusaidia, kaka, nasema kusimamia. Visu vya mpira, utando wa buibui wa gundi, makaburi ya maboksi, vyote vyangu. Damu naipika mwenyewe kwa sharubati na rangi, na juzi fundi wa taa aliilamba akauliza kama mkate upo. Ni filamu ya kutisha. Watu wanahamia nyumba, wanamkuta mwanasesere, na mwanasesere ana mambo yake.

Tatizo ni huyo mwanasesere. Nimeshatengeneza watatu. Wa kwanza Mwongozaji alimtazama akasema huyu anatangaza sabuni. Wa pili nilimng'oa jicho, nikamchoma nywele, nikampaka masizi. Akasema huyu apelekwe zahanati. Wa tatu watu walimcheka mpaka mpiga picha akakaa chini. Mwongozaji ni mama mpole, na watu wapole hawarudii maneno. Amesema ikifika katikati ya Mei hajapata mwanasesere wa kumtisha yeye mwenyewe, vifaa atampa mtu mwingine, nami nirudi kupaka rangi kuta. Miaka mitano nimepaka kuta, kaka. Sirudi huko.

Ndipo nikamkumbuka Bi Kodo, mwanasesere wetu wa nyumbani. Unakumbuka tulivyompa jina hilo kwa yale macho yake ya kukodoa? Jioni alikuwa pale kwenye rafu akitazama mlango wa mbele, asubuhi tukiamka anatutazama sisi. Hakuna aliyemgusa. Wewe ulisema anageuka mwenyewe akichoka na giza la nje, nami kwa maneno yako hayo nilikaa mpaka darasa la sita bila kwenda chooni usiku. Magodoro ya nyumba ile ni shahidi.

Nimtumie nani kama si yeye? Mfungie kwenye boksi uniletee kwa basi. Nitamrudisha akiwa nyota.

Mdogo wako

*

26 Februari

Kitindamimba,

Marahaba. Salamu zako nimezigawa. Wifi yako anasema huyo mwenzako wa chumba akiichukua foronya, ataanza kuota ndoto za kushona. Baba mzima, anakula, anaketi kibarazani na redio yake. Mvua imetukatia umeme siku kadhaa, lakini tumeshazoea.

Kwamba umekuwa bosi nimefurahi, na nimewaambia wateja wangu wote. Mmoja ameniuliza kama unaweza kumpatia mkwewe kazi ya jini.

Bi Kodo yupo. Hajawahi kutoka kwenye rafu yake. Nitakutumia wiki ijayo nikipata boksi la kumtosha, na wifi yako atafanya sherehe, maana anasema mwanasesere huyo hamwamini. Nami nilikuwa namcheka, sasa naanza kupunguza kicheko.

Nikuambie kitu, lakini ukimwambia mtu yeyote nitakukana. Mlango wetu wa mbele tunaukuta wazi kila asubuhi. Hakijaibwa kitu, hata viatu vipo. Lakini mlango uko wazi, mimi nikiwa ndani, mimi fundi wa kufuli ambaye mtaa mzima wananiletea funguo zao! Usiku naupiga komeo kwa mkono wangu mwenyewe, asubuhi komeo limerudishwa nyuma taratibu, kama mtu mwenye adabu zake. Nimeongeza kitasa. Nimeongeza mnyororo. Nimeongeza na kitasa cha pili cha kumlinda wa kwanza. Asubuhi vyote vimefunguliwa. Jirani mmoja ameshaniita fundi wa kufungua.

Mganga hajigangi, ndiyo. Usicheke sana, utajikwaa kwenye makaburi yako ya boksi.

Kaka yako

*

9 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimecheka, samahani. Nimewasomea wenzangu sehemu ya mlango, bila jina lako, na mwandishi wa filamu ameniomba ruhusa aiibe. Nimemwambia mwenye mlango ataibiwa kila kitu mwaka huu isipokuwa viatu.

Wifi hajambo? Mgongo wake? Hapa joto limekuwa kali, gundi yangu haikauki, buibui wote wananinata.

Mwanasesere wa nne ameshindwa. Nilimshona mdomo kwa kamba. Mwongozaji akamgeuza huku na huku, akanirudishia, akasema, "Unamlazimisha." Basi. Neno moja, nami nikakosa usingizi. Boksi la Bi Kodo lilipaswa kuwa limefika. Kila basi likiingia mimi nipo pale ofisi ya mizigo kama mchumba.

Kuna jambo jingine, kaka. Barua zako zote tangu nihamie huku, Baba huwa anaongeza mstari wake mwishoni, yale maandishi yake ya kulala upande mmoja. "Kula vizuri." "Usikope viatu." Barua yako ya mwisho haina mstari. Ile kabla yake nimeitafuta nikaikagua, nayo haina. Mbona?

Wako

*

2 Aprili

Kitindamimba,

Marahaba, marahaba. Wifi yako mzima, mgongo umetulia, anakusalimu sana. Pole kwa kukuchelewesha, kazi zilikuwa nyingi. Shule moja walipoteza funguo zote siku moja, nikavunja milango kama nimetumwa na adui.

Baba mkono unamsumbua, ndiyo maana haandiki. Usiwe na wasiwasi.

Bi Kodo huyo hapo kwenye boksi. Amechakaa kidogo, umri si mchezo. Ukiona amebadilika usishangae, hata sisi tumebadilika. Wala hakuna haja ya kumrudisha, kaa naye tu.

Habari ya mlango tuiache, imekwisha.

Kaka yako

*

14 Aprili

Kaka,

Shikamoo, na hiyo ndiyo heshima pekee utakayoipata katika barua hii.

Umeniuzia mbuzi kwenye gunia. Nimefungua boksi mbele ya wenzangu, nimeshika pumzi, na ndani nimemkuta mwanasesere wa dukani aliyekwaruzwa kwa tupa. Tupa, kaka! Alama zake zimepangana kama meno ya ufunguo. Ulimbana kwenye jiliwa ukamchonga mashavu? Nyuma ya sikio umesahau kubandua bei.

Ulidhani mimi nitasahau nini? Bi Kodo alivunjika shingo nikiwa na miaka minne. Mama akarudi kazini kwake wodi ya wazazi, akaja na uzi wa kijani wa kushonea wagonjwa, akamshona mbele yetu kwa mafundo saba madogo, akasema huyu sasa ameruhusiwa kwenda nyumbani. Shingo ya huyu wako haina hata fundo moja. Mimi kazi yangu ni vitu vya uongo, kaka yangu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Bila kuficha, ule uongo wako umenitia hofu kuliko mwanasesere yeyote. Wewe hujui kudanganya, hujawahi kujua. Ukinidanganya kwa kazi ngumu namna hii, kuna kitu. Na "mkono unamsumbua" nayo siinunui, maana Baba huandika kwa mkono wa kushoto akiumwa wa kulia, tulimwona mara ngapi?

Mwongozaji amebakiza mwezi mmoja. Kama hutamleta Bi Kodo, nitakuja mwenyewe kumchukua. Nitapanda basi la kwanza nikipata siku mbili.

Wako, nikiwa nimenuna

*

25 Aprili

Mdogo wangu,

Usije kumchukua. Nisikilize kwanza, halafu unune unavyotaka.

Ile wiki niliyokuahidi boksi, nilimshusha Bi Kodo mchana, nikamfunga kwa magazeti, nikamweka uvunguni kwangu tayari kwa safari. Nikaenda kazini. Niliporudi jioni nikamkuta wifi yako amesimama jikoni analia, na Baba yuko sebuleni, ametoa vitu vyote kabatini. Vikombe, magazeti, viatu, dawa zake, kila kitu sakafuni. Hakutaka kukaa. Hakutaka kula. Alikuwa anapapasa rafu ile kwa viganja vyote viwili kama aliyezimikiwa na taa. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema, "Nitajuaje sasa kama nifunge?"

Nikamtoa Bi Kodo uvunguni. Baba akampokea, akampangusa, akamweka pale pale akimtazamisha mlango, akaketi. Akaomba chakula. Nikamuuliza kwa nini anamweka hivyo, akanishangaa kama mtu mzima anayeulizwa chumvi ni ya nini. "Mama yenu yuko zamu ya usiku," akasema. "Hajarudi bado. Usifunge."

Mdogo wangu, Baba amenieleza kidogo kidogo: ilikuwa alama yao. Unakumbuka mlango ule wa zamani haukuwa na ufunguo, ulikuwa na komeo la ndani tu. Mama anaingia wodini jioni, Baba anatoka kwenda kuoka mikate alfajiri, hawa wawili walikuwa wanapishana kama ndoo kisimani. Anayelala wa mwisho alipaswa kujua kama mwenziwe yuko nje. Basi Bi Kodo akitazama mlango maana yake kuna mtu bado nje, usipige komeo. Mtu wa mwisho akiingia anamgeuza atazame ndani: tumetimia, funga. Ndiyo maana asubuhi alikuwa anatutazama sisi. Mama alikuwa amerudi.

Hawakutuambia kwa sababu hawakujua kama kuna la kuambia. Nasi hatukuwauliza kwa sababu tulidhani tukiuliza atatusikia. Nyumba moja, watu wanne, kila mmoja amenyamaza na lake.

Sasa unaelewa mlango. Mimi napiga komeo, Baba anapita akiona Bi Kodo anatazama nje, anasema moyoni huyu kijana atamfungia mama yake, anarudisha komeo. Vitasa vyangu alivifungua vyote bila shida. Nilimfundisha mimi mwenyewe zamani, siku zile nasomea ufundi, alikuwa mwanafunzi wangu wa kujaribishia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sikukuambia kwa kuwa ningekuandikia nini? Kwamba asubuhi ananijua, jioni ananiita kwa jina la mdogo wake? Daktari amesema ni umri, tumpe utaratibu anaouzoea. Kalamu anaishika, anaitazama, anairudisha mezani. Sikutaka uisome hiyo peke yako, huko mbali, katikati ya watu wanaocheka.

Najua kazi yako inamtegemea. Nimeiwaza sana. Lakini siwezi kumtoa pale. Nisamehe kwa yule wa tupa. Nilimchonga kwa nia njema, akatoka kama jirani yetu wa kushoto.

Kaka yako

*

17 Mei

Kaka yangu,

Shikamoo. Mpe Baba shikamoo, na akikuita kwa jina la Baba Mdogo, itika. Wifi mwambie pole, na asante. Najua kazi za jioni hizo nani anazifanya.

Barua yako niliisoma kwenye benchi la ofisi ya mizigo nikalia mpaka mzee wa risiti akaniuliza mzigo gani umepotea. Nilimwambia hakuna, umepatikana.

Sikumtaka tena Bi Kodo. Nilikaa mezani nikashona wa tano, wa kitambaa cha kawaida, uso wa kawaida, hana tone la damu. Shingoni nikampiga mafundo saba ya uzi wa kijani. Siku ya mwisho aliyonipa Mwongozaji, sikumkabidhi mkononi. Niliingia kabla yao kwenye ile sebule ya mbao tuliyoijenga kwa ajili ya filamu, nikamweka kwenye rafu akitazama mlango. Wakaja, wakamwona, fundi wa taa akaanza utani wake. Nikawaomba twende tukanywe chai. Tuliporudi alikuwa anatazama ndani, anatutazama sisi. Nilimwomba mtu wa mapazia abaki nyuma anigeuzie.

Hakuna aliyecheka. Mwongozaji alisimama pale pale mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani ameingia?"

Nikamweleza yote, Mama, wodi, mikate, komeo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye kwao ilikuwa taa ya koridoni, mtu akichelewa kuizima nyumba nzima hailali. Wamebadilisha hadithi. Mwanasesere hamdhuru mtu tena, anasubiri tu, na mwandishi analalamika kwamba makaburi ya boksi hayana kazi. Vifaa bado ni vyangu. Kuta wapake wengine.

Na mimi nina langu ambalo sijakuandikia, kaka. Umeniuliza mara nyingi kwa nini siji, nami nakupa ratiba za kazi. Si ratiba. Naogopa kuingia sebule ile nikamkuta Bi Kodo anatutazama na Mama hayupo. Mwanamke mzima, mtengeneza majini, naogopa rafu. Siku ya mazishi sikuinua macho upande ule hata kidogo, nilipita kama nilivyokuwa nikipita zamani, mbio, nimejifunika kanga usoni.

Tunamaliza kupiga picha mwisho wa Juni. Nitakuja. Usimwambie Baba, asije akasubiri bure nikichelewa.

Mdogo wako

*

11 Juni

Kitindamimba,

Marahaba, mara mbili. Wifi yako ameshaanza kukuanikia godoro, na ametaka nikuulize kwa upole kama chooni siku hizi unakwenda. Hilo ni lake, mimi sikusema neno.

Hongera. Mtaa mzima unajua. Yule mteja bado anamtafutia mkwewe kazi ya jini.

Komeo nimeling'oa. Nimeweka kufuli moja nzuri, mlango unajifunga wenyewe na unafunguliwa kwa nje kwa ufunguo, hivyo mwizi hapiti na aliye nje hafungiwi. Sijui kwa nini ilinichukua miezi yote hiyo. Nilikuwa nafikiria namna ya kumzuia mtu kufungua, sikufikiria namna ya kumwingiza aliye nje. Baba ameukagua mlango, ameusukuma, ameuvuta, akasema kazi si mbaya. Sasa analala usiku kucha. Bi Kodo bado anageuzwa jioni, na alfajiri wifi yako humgeuza atazame ndani kabla Baba hajaamka. Aliyekuwa hamwamini ndiye sasa anamfuta vumbi.

Nilichonga funguo nne. Wa nne nimempa Baba, nikamwambia ni wa Mama, amuwekee. Akaukataa. Akasema mama yenu ana wake, yeye hahitaji ufunguo, huwa anagonga kidogo tu. Nikamuuliza sasa huu wa nani? Akanitazama kama zamani, yale macho ya mtu aliyeamka na kila kitu chake, akaniuliza kama nimesahau kuhesabu. "Walioko nje ni wawili," akasema. "Mama yenu na yule mdogo. Kwani mimi kila siku namsubiri nani?"

Miaka miwili, mdogo wangu. Tulidhani anamsubiri mmoja.

Ndipo nikashindwa, nikamwambia unakuja. Umeniomba nisimwambie, lakini wewe mwenyewe umesema sijui kudanganya. Ameitaka kalamu. Amekaa nayo jioni nzima, nami nimejifanya natengeneza kitasa ambacho ni kizima. Mstari wake ni huo hapo chini, sijaugusa. Ufunguo umo ndani ya bahasha, nimeushona kwenye kitambaa usichakae.

Kaka yako

*Mama yako atachelewa. Wewe wahi.*